Koo Moja, Kazi Mbili: Mwongozo Kamili kwa Mwimbaji wa Opera Anayefundisha Sauti

Waimbaji wa opera wamekuwa wakifundisha sauti tangu opera ilipoanza kuwa kazi ya kulipwa, na baadhi ya majina makubwa ya fani hii tunayakumbuka zaidi kwa wanafunzi wao kuliko kwa majukwaa waliyosimama. Manuel García, baritoni (mwimbaji wa sauti ya kiume ya kati) wa Kihispania aliyezaliwa mwaka 1805 na kufariki mwaka 1906, aliacha jukwaa mapema, akafundisha Paris na kisha London, na mwaka 1854 akafanikiwa kuzitazama nyuzi zake za sauti zikifanya kazi, kwa kutumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua. Dada yake, Pauline Viardot, aliimba katika majumba makubwa ya Ulaya hadi alipostaafu jukwaa mwaka 1863, kisha akaendelea kufundisha kwa miongo kadhaa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuishi kwa kazi hizo mbili, awe bado yuko katika kwaya ya kanisa au amekwisha kuhitimu chuo cha muziki. Kufundisha kunapaswa kupangwa tangu mapema kama nusu ya kazi, na kusiachwe kuwa kimbilio la mtu aliyekosa mikataba, kwa sababu koo linaloimba jioni ndilo hilohilo linalofundisha asubuhi. Asiyepanga mapema hujikuta amekopa sauti ya kazi moja kulipa deni la nyingine.

Hatua ya kwanza: Pima sauti kabla ya kuipa jina

Waimbaji wengi wa Afrika Mashariki wanaofikiria opera wametoka kwenye kwaya, na kwaya hugawa watu kwa mahitaji yake. Kijana mrefu anayeweza kushuka huwekwa besi kwa sababu besi ni wachache. Binti anayesoma nota vizuri huwekwa alto kwa sababu alto inahitaji mtu asiyeyumba. Mgawanyo huo unaifaa kwaya, lakini hauelezi sauti ya mtu ni ya aina gani. Tafuta mwalimu aliyefunzwa uimbaji wa kitaalamu, mwombe akusikilize kwa miezi kadhaa, na usikubali kupewa jina la kudumu katika kikao cha kwanza. Kinachotazamwa ni zaidi ya noti ya juu kabisa na ya chini kabisa unazozifikia. Hutazamwa pia mahali sauti inapokaa bila kuchoka kwa dakika ishirini, rangi yake, na pale inapobadilika kutoka sauti ya kifua kwenda sauti ya kichwa.

Jambo la pili ni kipaza sauti. Opera huimbwa bila hicho, juu ya okestra nzima, katika kumbi ambazo nyingine ni kubwa sana. Metropolitan Opera ya New York ina viti takriban 3,800. Sauti husikika kwa sababu mwimbaji aliyefunzwa hukusanya nguvu zake za sauti karibu na masafa ya hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo okestra ina nguvu kidogo, kwa kuwa nguvu kubwa ya okestra imelala karibu na hezi 500. Hivyo ndivyo ilivyo hasa kwa sauti za kiume na sauti nzito za kike. Soprano anapopanda juu hutegemea zaidi kulinganisha umbo la kinywa na noti anayoimba. Mwimbaji aliyezoea kushika kipaza sauti na kuimba kwa pumzi nyingi atahitaji miaka, si miezi, kulijenga hili, na kupiga kelele hakutamsaidia hata kidogo.

Hatua ya pili: Nota, kinanda na lugha

Ukiwa umelelewa kwa sol-fa, una sikio zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu umezoea kusikia umbali wa noti moja hadi nyingine bila kutegemea ala. Lakini opera yote imeandikwa kwa nota za mistari mitano, na hakuna nyumba ya opera itakayokungoja uitafsiri kwanza. Njia ya kawaida katika miji yetu ni mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye ngazi nane, ambapo huruhusiwi kufanya ngazi ya sita ya uimbaji kabla ya kufaulu nadharia ya ngazi ya tano au kinacholingana nayo. Nairobi ina Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, na walimu binafsi wapo katika miji mingi mikubwa.

Kinanda usikipuuze. Kwa mwimbaji wa kawaida ni msaada, ila kwa yule atakayefundisha ni chombo cha kazi, kwani mwanafunzi hataleta mpiga piano kila wiki. Lengo la kwanza liwe kupiga skeli zote kwa mkono mmoja na kuongozana na wimbo mwepesi kwa mikono miwili huku macho yakiwa kwa mwanafunzi.

Lugha zinahitaji maelezo marefu zaidi, maana hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji wake na mitego yake. Irabu zetu tano ni safi. "A" yetu huanza na kumalizika ikiwa "a", na ndicho mwalimu wa Kiitaliano anachomsihi mwanafunzi wa Kiingereza akifanye kwa miaka. Mtaji huo usikulevye. Kiitaliano kina "e" mbili na "o" mbili, ya wazi na ya kufumba, na kamusi nzuri huonyesha ipi ni ipi. Konsonanti maradufu hatuna desturi nazo, na katika Kiitaliano hubeba maana: "nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Mkazo nao huponza. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na maneno mengi ya Kiitaliano hufanya hivyo pia, kiasi kwamba ulimi hutulia na kusahau. Kisha huja "anima" au "subito," maneno yenye mkazo silabi ya kwanza, na mwimbaji akayatamka kama majina ya watu wa mtaani kwao.

Kijerumani kina tatizo jingine. Kinapenda kurundika konsonanti mwishoni mwa neno, na ulimi wa Kiswahili hupenda kufunga kila neno kwa irabu, hivyo "Nacht" hugeuka kuwa neno la silabi mbili na noti moja ya ziada huzaliwa ambayo mtunzi hakuiandika. Zoezi lake ni jepesi: tamka neno polepole mbele ya kioo, simama kwenye konsonanti ya mwisho, kata pumzi hapohapo. Kwa upande mwingine, sauti ya "kh" inayowasumbua wengine haimsumbui aliyezoea kutamka "Sheikh." Ufaransa na lugha yake yenye irabu za puani iachie mwaka wa pili au wa tatu.

Hatua ya tatu: Chagua shule kwa kumchagua mwalimu

Chuo chenye jina kubwa na mwalimu asiyekufaa ni hasara. Kabla ya kulipa ada yoyote, omba kikao cha majaribio na mwalimu ambaye ungepangiwa, uliza wanafunzi wake wa miaka mitano iliyopita wako wapi, na usikilize kama wanaimba kwa sauti tofauti au wote wanafanana naye. Wakifanana naye wote, tafuta kwingine.

Mfano ulio karibu nasi kijiografia ni Cape Town. Katika South African College of Music ya Chuo Kikuu cha Cape Town, soprano Virginia Davids, aliyekuwa mwimbaji mwenyewe, alimfundisha Pretty Yende, binti kutoka mji mdogo wa Piet Retief. Yende aliendelea hadi akademia ya nyumba ya opera ya La Scala mjini Milano, akashinda shindano la Operalia mwaka 2011, akaimba Metropolitan kwa mara ya kwanza Januari 2013, na Mei 2023 akaimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles III. Nafuu ya Cape Town kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ni kwamba mafunzo na jukwaa vipo katika mji mmoja, maana Cape Town Opera iko hapohapo.

Ujerumani ni njia ya pili. Vyuo vyake vya muziki vya serikali havitozi karo katika majimbo mengi. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachobana ni mtihani wa kuingia, cheti cha Kijerumani, na gharama za kuishi. Marekani ina vyuo vizuri sana na ada kubwa sana. Usiende bila ufadhili ulioandikwa na kusainiwa.

Ukiwa mwanafunzi, soma masharti ya visa kabla ya kumtoza mtu yeyote kwa somo la sauti. Visa ya mwanafunzi ya Uingereza inakataza kujiajiri, na Ujerumani inataka kibali maalumu kwa kazi hiyo. Kama shule yako ina kozi ya ufundishaji wa sauti, ichukue hata kama haihesabiwi katika alama zako. Anatomia ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni), ukuaji wa sauti za watoto na mbinu za kusikiliza ni mambo ambayo jukwaa halitakufundisha.

Hatua ya nne: Usaili na mkataba wa kwanza

Andaa aria tano, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja kutoka kwenye opera. Ziwe katika lugha tatu au nne, ziwe za vipindi tofauti, na zote ziwe zinakufaa leo, maana jopo linaajiri sauti inayoisikia leo. Kwa desturi wewe huchagua ya kwanza na jopo huchagua ya pili, hivyo aria ya tano uliyoiweka kwa ajili ya kupamba orodha ndiyo utakayoombwa. Nota zako zipange kwenye faili linalofunguka vizuri, kurasa zimegeukiana, sehemu za kuruka zimewekewa alama wazi, kwa sababu mpiga piano hajawahi kukuona na ana sekunde chache tu za kuelewa unataka nini. Mweleze kasi kwa kumwimbia kwa sauti ya chini mstari mmoja, usimpigie vidole.

Nyumba za opera za Ujerumani zinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu huajiri waimbaji wa kudumu kwa msimu mzima, kwa mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo ni adimu mahali pengine. Nchi hiyo ina nyumba za opera takriban 80 zinazolipwa kwa fedha za umma. Ajira hupangwa kwa aina za sauti ambazo Wajerumani huziita Fach, na mwimbaji huajiriwa ili aimbe majukumu ya aina yake. Mkataba wa pamoja wa sekta hiyo, NV Bühne, humwezesha mwajiri kutorefusha mkataba kwa kumwarifu mwimbaji, kwa walio katika miaka ya mwanzo, kabla ya tarehe 31 Oktoba ya msimu unaoendelea. Baada ya miaka 15 mfululizo katika nyumba moja, kuondolewa huwa kugumu sana, na ndiyo maana mwaka wa 13 na wa 14 huwa na wasiwasi mkubwa. Iandike tarehe hiyo ya Oktoba kwenye kalenda yako kila mwaka, kwani ndiyo inayokueleza kama uanze kutafuta wanafunzi wa mji mwingine.

Kwa wasio na ajira ya kudumu, malipo huja kwa onyesho. Mara nyingi wiki za mazoezi hazilipwi au hulipwa posho tu, na ukiugua siku ya onyesho ukashindwa kuimba, ada ya siku hiyo huipati. Wakala huchukua kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Machi 2020 Metropolitan ilifunga milango, ikatumia kifungu cha dharura isiyozuilika, na kuanzia mwisho wa mwezi huo ikaacha kuwalipa waimbaji wa kwaya na okestra yake. Ukumbi haukufunguliwa tena kwa opera hadi Septemba 2021. Waliokuwa na wanafunzi wao walihamishia masomo kwenye video na kodi ya nyumba ikalipwa. Ukisaini mkataba, kifungu hicho kisome kwanza, kabla hata ya kutazama kiasi cha fedha.

Hatua ya tano: Kujifunza jukumu zima

Chukua Susanna katika opera ya Mozart ya mwaka 1786, Le nozze di Figaro. Mwimbaji huyu yuko jukwaani karibu jioni nzima, saa tatu na ushei, na aria yake tulivu kuliko zote inamngoja katika kitendo cha nne, wakati miguu imechoka na zoloto limefanya kazi ya kutosha. Anayelijifunza jukumu hili kwa kuanza na aria hiyo, kwa kuwa ndiyo inayopendwa, ameanza mwisho.

Anza na libreto, yaani maandishi ya maneno ya opera. Nakili maneno yote ya Susanna kwa mkono wako, pamoja na ya wale anaojibizana nao, kisha andika chini ya kila neno maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata sentensi ikisikika ya ajabu. Baada ya hapo tamka resitativo, yaani sehemu zinazoimbwa kwa namna ya kuzungumza, kama mazungumzo ya kawaida hadi kasi yake iwe ya mtu anayebishana kweli. Ndipo uweke noti. Sehemu za pamoja, hasa mwisho wa kitendo cha pili, zijifunze kwa kupiga mdundo mezani na kutamka maneno bila kuimba, kwa sababu hatari yake iko katika kuingia, si katika urefu wa noti. Uimbaji wa sauti kamili uje baadaye, vipande vifupi, ukiwa na mpiga piano wa mazoezi.

Jifunze pia kuimba kwa sauti ya nusu, yaani kupunguza nguvu na kushusha noti za juu kwa oktavu wakati wa mazoezi ya jukwaa. Mwanzo waongozaji wengine hawapendi, lakini mwimbaji anayetoa sauti yote saa nne asubuhi akiwa anajifunza tu mlango wa kuingilia atakosa cha kuwapa watazamaji jioni ya ufunguzi. Kwa anayefundisha, ustadi huu una thamani maradufu.

Hatua ya sita: Kuanza kufundisha

Ni lini mtu aanze? Rai yangu ni kwamba aanze akiwa mwaka wa tatu au wa nne wa mafunzo yake mwenyewe, kwa wanafunzi wachache wa mwanzo, chini ya jicho la mwalimu wake. George Shirley, ambaye mwaka 1961 alikuwa mwimbaji wa kwanza mweusi wa sauti ya tena (tenor) kuimba majukumu makuu Metropolitan, alikuwa mwalimu wa muziki katika shule za sekondari za Detroit kabla ya jukwaa, na baada ya miaka mingi ya opera akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1987. Kufundisha kwake hakukuwa jambo la uzeeni.

Anza na watu wazima wa kwaya. Wana nidhamu, hawana haraka ya umaarufu, na matatizo yao ni ya kawaida. Watoto wadogo, vijana wa kiume ambao sauti zao zinavunjika kwa kubalehe, na waimbaji waliokwisha kuumia koo waachie wenye uzoefu hadi na wewe uupate.

Tuseme amekuja kijana wa miaka 22, anayeimba sauti ya tena katika kwaya, analalamika kwamba kila akifika mi na fa (E na F) ya juu shingo hukaza na sauti hupasuka. Mwache aimbe ubeti mzima bila kumkatiza, kisha kaa kimya kidogo. Utakuwa umeona kama kidevu kinapanda, kama mabega yanainuka anapovuta pumzi, na kama tatizo lilianza kwenye noti yenyewe au noti tatu kabla yake. Aghalabu limeanza kabla. Usimwambie mambo matano. Mpe mrija mwembamba wa kunywea soda, aupulizie huku akipanda na kushuka noti tano, kwa sababu mdomo uliobanwa kiasi hupunguza kishindo cha nyuzi za sauti zinapogongana. Kisha abadilishe mrija kwa irabu "u," halafu "o," na mwisho "a" iliyoelekezwa kidogo kwenye "o" kila anapokaribia eneo la mpito. Atasema sauti inasikika ndogo masikioni mwake. Mrekodi kwa simu, asikilize akiwa mbali na piano, na mara nyingi utaona uso wake ukibadilika kabla hujaongeza neno. Mpe zoezi hilo moja la nyumbani, dakika kumi, mara mbili kwa siku, na uandike kwenye daftari lako ulichosikia, ulichoagiza na tarehe.

Kuhusu mikono ya mwalimu: zamani walimu walishika mbavu, taya na tumbo la mwanafunzi bila kuuliza. Leo omba ruhusa kila mara, eleza unakusudia kumwonyesha nini, na uwe na njia ya pili, kama vile mwanafunzi kuweka mkono wake mwenyewe. Kwa mtoto, mzazi awepo au mlango uwe wazi. Halina mjadala hili, hata kama mwalimu wako mwenyewe alifanya vingine.

Mwanafunzi ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki mbili au tatu bila mafua usimpe zoezi. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, ikiwezekana mwenye kamera ya stroboskopi inayoonyesha nyuzi za sauti zikitetema. García mwenyewe, alipofikiwa mjini Paris mwaka 1841 na Jenny Lind, soprano wa Uswidi aliyekuwa amechosha sauti yake, alikataa kumfundisha kwanza, akamwamuru kwanza aipumzishe sauti.

Hatua ya saba: Kalenda ya koo

Noti "la" (A) ya katikati, hezi 440, inagonganisha nyuzi za sauti mara 440 kwa sekunde. Kuongea kwa sauti ya darasani siku nzima nako ni mgongano, na walimu kwa ujumla ni miongoni mwa watu wanaougua sauti zaidi kuliko wafanyakazi wengine. Mwimbaji anayefundisha masomo saba kisha akaenda kuimba amekwisha kuimba kabla hajapanda jukwaani.

Panga kwa kurudi nyuma kutoka siku ya onyesho. Siku yenyewe usifundishe. Siku ya kabla yake chukua wanafunzi wawili au watatu, asubuhi, wale ambao hawahitaji kuonyeshwa. Wiki ya mazoezi na okestra punguza masomo kwa nusu, na uwaarifu wanafunzi mwanzoni mwa muhula, isiwe ghafla. Miezi isiyo na opera ndiyo ya kujaza ratiba. Kati ya somo na somo acha dakika kumi na tano za kimya halisi, bila simu.

Acha pia kuimba kila kitu unachotaka mwanafunzi aimbe. Baritoni anayemwonyesha soprano noti za juu kwa kujibana, au soprano anayeshuka kumwonyesha besi, anaumia na hafundishi. Mwanafunzi huishia kuiga rangi ya sauti isiyo yake. Eleza kwa maneno, piga kwenye piano, tumia kitendo cha mwili, na hifadhi mfano wa sauti yako kwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Maji yanywewe mapema, kwa kuwa yanayoteremka kooni hayaguzi nyuzi za sauti na huchukua muda kuufikia mwili. Anayeamka na sauti nzito na ladha ya uchungu kinywani ajihadhari na asidi ya tumbo inayopanda usiku. Asile mlo mzito usiku wa manane baada ya onyesho, ingawa njaa ya wakati huo kila mwimbaji anaijua.

Hatua ya nane: Fedha

Ada ya somo ikokotolewe hivi: jumlisha gharama zako za mwaka zinazopaswa kulipwa na ufundishaji, gawanya kwa idadi ya saa unazoweza kufundisha kweli baada ya kuondoa wiki za opera, likizo na magonjwa, kisha linganisha na ada za walimu wa mji wako. Lipwe kwa mwezi au kwa muhula, mapema, na si kwa somo moja moja mlangoni. Weka kwa maandishi kwamba somo lililofutwa chini ya saa 24 kabla hulipwa, na kwamba ukilifuta wewe kwa ajili ya mazoezi, utalirudisha. Malipo ya M-Pesa au benki yawe na rekodi yake, na tofautisha akaunti ya kazi na ya nyumbani.

Ukiimba nje, nchi nyingi hukata kodi ya zuio kwenye ada ya msanii mgeni kabla hujaipata. Dai hati ya makato hayo kabla ya kuondoka mjini, kwani mamlaka ya kodi ya nyumbani itaitaka ili usilipe mara mbili. Anayeishi Ujerumani akifanya kazi kwa kujitegemea aulizie Künstlersozialkasse, mfuko wa bima ya wasanii unaofanya kazi tangu 1983. Mfuko huo huwakubali wanaoimba na wanaofundisha muziki, na msanii hulipa nusu tu ya michango ya afya na pensheni.

Hatua ya tisa: Kazi ya chuo na kupungua kwa jukwaa

Nafasi za kudumu za vyuo ni chache na huombwa na wengi. Marekani, vyuo vingi hutaka shahada ya uzamivu au kazi kubwa ya jukwaani inayoweza kuchukua nafasi yake. Ujerumani huanza na mikataba ya saa, ambayo malipo yake ni madogo na wengi huing'ang'ania kwa sababu ya jina la chuo. Camilla Williams, aliyeimba jukumu kuu la opera ya Madama Butterfly katika New York City Opera mwaka 1946 akiwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupewa mkataba na kampuni kubwa ya opera nchini humo, aliingia Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1977 kama profesa wa kwanza mweusi wa sauti. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 31. Ombi la kazi ya namna hiyo huambatana na kufundisha mbele ya jopo: hupewa mwanafunzi usiyemjua, dakika ishirini hadi thelathini, na wanaotazama hupima kama mwanafunzi ameondoka akiimba tofauti, hata kwa jambo dogo. Lile daftari la kila somo ndilo linalomfanya mtu asibabaike chumbani humo.

Majukumu ya jukwaani huondoka moja moja. Soprano mwepesi huacha ya wasichana na kuhamia ya wanawake wazito wa sauti iwapo sauti yenyewe imekua. Isipokua, huhamia matamasha na oratorio, yaani kazi kubwa za kuimba, nyingi za kidini, zisizoigizwa jukwaani. Kila mwanzo wa msimu kaa na orodha ya majukumu yako pamoja na mtu mmoja anayeijua sauti yako na asiye na faida katika jibu, mfano mpiga piano wako wa mazoezi, kisha myaondoe yale ambayo hayapitiki tena bila kujibana. Mpelekee wakala orodha mpya kwa maandishi siku hiyohiyo, na saa zilizoachwa wazi uzifungue kwa wanafunzi kabla ratiba ya chuo na ya shule haijapangwa.